Mwulize Kitakachotokea: Namna ya Kumtambua na Kumkuza Opereta Hodari

Swali hili huulizwa na wenye viwanda, mameneja na masupavaiza, kuanzia kwenye mashine za nafaka za Kijenge hadi viwanda vya Themi, Njiro na Unga Limited: kati ya maopereta wangu, nitamjuaje mtaalamu wa kweli, na nitawafikishaje wengine alipo yeye? Huulizwa zaidi mzee mmoja anapokaribia kustaafu, au kijana anapochukuliwa na kiwanda jirani, na mtambo uleule unaanza kusumbua ilhali hakuna kilichobadilika ila mtu. Hapo ndipo mwenye mali anapogundua kwamba kuna kitu alikuwa anakimiliki bila kukijua, na sasa kimetoka getini.

Jibu letu ni moja. Utaalamu wa opereta ni uwezo wa kusema kitakachotokea kwenye mtambo kabla hakijatokea, na kueleza amekijuaje. Dalili ya mvua ni mawingu. Opereta hodari huyaona mawingu wakati wenzake bado wanaanika nguo. Ukilishika hilo, utajua umtafute vipi, umhoji vipi na umlee vipi chipukizi. Ukiliacha, utampandisha cheo asiyestahili na utampoteza anayestahili.

Miaka na vyeti havitoshi

Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini mbele ya mtambo methali hiyo ina sharti: uyaonayo lazima yakufundishe. Opereta anayebonyeza kitufe, akapata bidhaa na kwenda nyumbani, hajui kama leo alifanya vizuri au alibahatika. Anaweza kukaa miaka 15 mbele ya geji ileile asijiulize hata mara moja mshale utakuwa wapi baada ya saa moja. Mwenzake wa miaka minne, aliyeshiriki kuwasha mtambo mpya, akauzima kwa dharura umeme ulipokatika, akashika spana pamoja na mafundi ulipofunguliwa, anaweza kuwa amempita mbali. Cheti nacho kina heshima yake, kwa kuwa kinathibitisha kwamba mtu amefundishwa kanuni za kazi. Hakithibitishi kwamba anaujua mtambo wako, na tabia zake wakati wa baridi ya Julai na wakati wa masika.

Kipimo kingine kinachodanganya ni ushujaa. Viwanda vingi humsifu anayekimbia huku na huko akizima matatizo, na humsahau yule ambaye zamu yake hupita kimya. Kabla hujatoa sifa, jiulize ukimya huo umetoka wapi. Mara nyingi kuna mtu amepunguza mwendo saa mbili mapema, au ameomba kichujio kioshwe kabla hakijaziba, na kwa sababu hiyo hakuna tatizo lililoandikwa popote.

Wanasoma mtambo mmoja, wanaona mambo mawili

Chukua mtambo wa kupasteurisha maziwa. Maziwa hupita kati ya mabamba membamba ya chuma, na maji ya moto hupita upande wa pili wa kila bamba, hadi maziwa yafike nyuzijoto 72 na kukaa hapo sekunde 15. Vali ya mvuke unaopasha maji hayo hujifungua na kujifunga yenyewe kulinda joto hilo. Opereta wa kawaida ataandika 72 kila nusu saa, na atakuwa amesema kweli. Opereta hodari huangalia vali. Tuseme asubuhi ilifunguka asilimia 40 kuishika 72, na kufika saa sita mchana, kwa maziwa yaleyale na mwendo uleule, inahitaji asilimia 60. Joto halijabadilika, ila mtambo unahangaika zaidi kulifikia: ukoko wa maziwa umeanza kushika kwenye mabamba na kuzuia joto lisipite. Atatazama na presha ya maziwa yanapoingia. Ikiwa imepanda, njia imekuwa nyembamba. Kisha atakwambia, "Bosi, kufika saa nane hatutaishika 72. Tuoshe saa saba, kabla gari la pili la maziwa halijaingia."

Ujuzi wa namna hii uko katika kila sekta. Kwenye viwanda vya sukari, kama kile cha TPC huko Arusha Chini, kusini mwa Moshi, mpishi wa sukari huchota uji mzito kutoka kwenye mtambo, huupaka kwenye kioo na kuutazama kwenye mwanga: ukubwa wa punje, usawa wake, na kama kuna punje changa zinazozaliwa pasipotakiwa. Kwenye nafaka, hodari husikia sauti ya mota ikizama, hugusa unga unaotoka, akajua kwamba mahindi hayajakauka kabla chekecheke haijaziba. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, na fundi huyo, kwa mkono na sikio, yuko karibu sana na mpaka huo, na ndiye atakayekwambia kwamba kipimo cha unyevu kimeanza kukosea.

Hatua za kumtambua

Usitegemee njia moja. Tumia hizi kwa pamoja, kwa muda wa wiki nne hivi:

1. Waombe wabashiri. Mwanzoni mwa zamu, kila opereta aseme mambo matatu anayotarajia kwa saa nane zijazo: kipimo kipi kitasogea, kifaa kipi kitasumbua, kazi ipi itachelewa. Andika. Mwisho wa zamu linganisheni.
2. Uliza sababu, kisha uliza, "Ni kitu gani kingekuonyesha kwamba umekosea?" Anayebahatisha hana jibu la swali la pili.
3. Fuata macho na miguu yake. Anapozunguka mtambo, anasimama wapi? Anagusa nini? Hodari husimama penye historia, si penye geji kubwa tu.
4. Soma daftari la zamu. "Mtambo OK" haisemi kitu. "Pampu namba 2 imeanza kutetema kidogo, haijafika pabaya, itazamwe kesho" inasema mengi kuhusu aliyeandika.
5. Waulize wenzake, mmoja mmoja na faraghani: "Mtambo ukigoma saa nane usiku, unampigia nani simu?" Jina litakalojirudia lina uzito kuliko tathmini ya mwaka.
6. Wape kisa cha zamani cha kiwanda chako kwa vipande. Toa vipimo vya dakika kumi za kwanza, uliza angefanya nini, kisha toa vinavyofuata.

Tahadhari mbili. Ya kwanza, anayeongea vizuri si lazima awe anayejua vizuri. Ndiyo maana ubashiri uandikwe, ili hesabu iamue. Ya pili, utaalamu una mipaka. Bingwa wa boila anaweza kuwa mwanafunzi mbele ya kompresa ya kupozea. Usimtaje mtu kuwa "mtaalamu" bila kutaja ni wa mtambo gani.

Kumhoji fundi bila kumfunga mdomo

Ukimwita mzee ofisini na kumwuliza, "Unafanyaje kazi yako?", atakusomea mwongozo wa mtambo. Hafichi kitu. Ujuzi wake umekaa machoni na mikononi, na swali la jumla haliufikii. Mtafiti wa Marekani Gary Klein na wenzake, walipowachunguza makamanda wa zimamoto katika miaka ya 1980, waligundua kwamba watu hao hawakuwa wakilinganisha njia nyingi kabla ya kuamua; waliitambua hali iliyo mbele yao na kujua la kufanya. Ili kuufikia utambuzi huo, watafiti walimrudisha mtu kwenye tukio moja la kweli na kulipitia hatua kwa hatua. Njia hiyo haihitaji mtaalamu kutoka nje. Nenda naye kwenye mtambo wenyewe, chagua tukio moja lililomtesa, umwombe alisimulie mara moja bila kumkatiza, kisha rudini mwanzo kwa maswali haya:

- Mzee, ni lini hasa ulianza kuhisi kwamba kuna kitu?
- Uliona, ulisikia au ulinusa nini wakati huo?
- Kijana mgeni angekuwa amesimama hapa, angekosea wapi?
- Ulifikiria kufanya nini kingine, na kwa nini ukaacha?
- Kama kipimo hiki kingesoma tofauti, ungebadili uamuzi?

Kosa kubwa hapa ni kuuliza "kwa nini ulifanya vile?" kwa sauti ya polisi. Swali hilo hutafuta mkosaji, na fundi akishalisikia hivyo, atakupa jibu la kujilinda. Uliza alichokiona, sababu ya alichofanya itafuata yenyewe.

Mfundishe kutoiamini geji peke yake

Tarehe 23 Machi 2005, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP huko Texas City, Marekani, mnara mmoja ulikuwa ukijazwa kupita kiasi huku kipimo cha kina kikionyesha kwamba kimiminika kinashuka. Mafuta yalifurika, yakashika moto na kulipuka. Watu 15 walikufa na wengine zaidi ya 170 waliumia. Miaka 26 kabla, kwenye kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, taa iliwaonyesha maopereta kwamba amri ya kufunga vali imetumwa, nao wakaelewa kwamba vali imefungwa. Kumbe vali ilikuwa bado wazi. Visa vyote viwili vina somo moja kwa kiwanda chochote, hata chenye boila moja ndogo: hodari hukihoji kipimo kwa kutumia kipimo kingine. Kimeingia kiasi gani? Kimetoka kiasi gani? Kama kimiminika kinaingia na hakitoki, kina hakiwezi kushuka, hata skrini iseme nini.

Kwenye boila, jaribio la kila siku ni kioo cha maji. Anayejua kazi hufungua koki ya chini ya kioo, maji yakamwagika, akafunga, kisha akatazama yanavyorudi. Yakirudi kwa kasi, njia ni nyeupe. Yakipanda kivivu, njia imeanza kuziba, na kioo kinaonyesha maji yaliyotuama, si maji ya boila. Na maji yasipoonekana kabisa, mfundishe kila opereta hadi aseme usingizini: usiongeze maji, zima moto kwanza, kisha ita msaada. Maji ya baridi kwenye chuma kilichoungua ni hatari ya kuua. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka boila zikaguliwe, lakini mkaguzi huja na kuondoka. Opereta ndiye anayelala nayo.

Meru ina masharti yake

Ujuzi hausafirishwi mzimamzima kutoka mji mmoja hadi mwingine. Jiji la Arusha liko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka karibu na nyuzijoto 95, si 100. Opereta aliyejifunza kazi Dar es Salaam au Tanga, akiona pipa la wazi linatokota na kipimajoto kinasoma 95, anaweza kudhani kipimo kimekufa, akaongeza moto; atakachopata ni mvuke na hasara ya kuni. Pampu ya kunyonya nayo hubadilika. Uzito wa hewa ya pwani unaweza kupandisha maji mita 10 hivi kwenye bomba lenye ombwe, lakini wa Arusha haufikishi mita 9, na kwa vitendo ni pungufu ya hapo. Maji ya ardhini ya hapa chini ya Mlima Meru yana floridi nyingi, jambo linalojulikana kwa kila mkazi. Yana pia bikaboneti ya sodiamu, ambayo ndani ya boila huongeza ualikali. Blodauni, yaani kumwaga sehemu ya maji ya boila mara kwa mara, ikiachwa, boila hutoa povu, na povu hupeleka maji kwenye bomba la mvuke. Kwa hiyo andaa orodha ya "mambo ya hapa kwetu", na kila mgeni aipitie katika wiki yake ya kwanza, awe amekuja na cheti gani.

Hatua za kumkuza chipukizi

1. Abashiri kila siku, apate jibu kila siku. Dakika tano za mwanzo na tano za mwisho wa zamu zinatosha. Bila jibu, ubashiri ni porojo.
2. Chipukizi aseme kwanza, mkongwe baadaye. Mkongwe akitangulia, kijana atatikisa kichwa tu.
3. Zamu zikabidhiane ana kwa ana, mbele ya mtambo. Mambo matatu: kilichobadilika, kinachonitia wasiwasi, nisichotaka ukiguse.
4. Mtambo ukifunguliwa kwa ukarabati, opereta awepo. Akiuona ukoko kwa macho na beringi iliyolika mkononi, kesho atausoma mshale kwa maana.
5. Aendeshe kwa mkono mara kwa mara, chini ya uangalizi na wakati salama, hata kama mtambo unajiendesha.
6. Fanyeni zoezi la mdomo kila wiki: "TANESCO wamekata sasa hivi. Cha kwanza kinachosimama ni kipi? Kipi hakipaswi kusimama?"
7. Rasimisha alichokijua. VETA ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana kazini, nje ya mfumo rasmi. Kwa nadharia ya vipimo na umeme, Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanza mwaka 1978, kiko jirani.

Makosa yanayorudiwa

- Kumwondoa opereta bora mtamboni na kumpa meza kama zawadi. Mpe daraja la juu na malipo akiwa palepale, na kazi ya kufundisha iwe sehemu ya cheo.
- Kumkaripia aliyesimamisha mtambo kwa wasiwasi ambao haukutimia. Ukifanya hivyo mara moja, hakuna atakayesimamisha tena.
- Kuandika mwongozo mnene na kudhani ujuzi umehifadhiwa. Karatasi hubeba hatua; haibebi sauti ya mota.
- Kulipa kwa tani peke yake. Opereta atausukuma mtambo hadi mwisho wa zamu yake, na ukoko utakuwa wa zamu inayofuata.
- Kusubiri barua ya kustaafu ndipo uanze kuuliza.

"Nikimfundisha, ataondoka"

Hofu hii ni ya kweli, na haijibiwi kwa kuipuuza. Baadhi wataondoka. Lakini pima pande zote mbili. Ujuzi ukiwa kwa mtu mmoja, kuondoka kwake ni janga. Ukiwa kwa watu watano, ni pengo linalozibika. Utaratibu tulioueleza hauongezi thamani ya mtu mmoja pekee, bali huigawa kwenye zamu zote. Tena, mwajiri aliyefika idadi ya wafanyakazi inayotajwa kisheria tayari anatozwa tozo ya kuendeleza ujuzi; fedha hiyo hulipwa ufundishe usifundishe.

Wapo watakaosema hawana muda, oda zinasubiri. Hesabu ni rahisi: dakika kumi kwa zamu, dhidi ya nusu siku ya mtambo uliosimama huku maziwa yakiharibika kwenye tenki. Wapo pia wanaotegemea mitambo mipya inayojiendesha. Mwaka 1983 mwanasaikolojia Lisanne Bainbridge alionyesha tatizo la tumaini hilo: kadiri mashine inavyochukua kazi za kawaida, ndivyo binadamu anavyobakiwa na zile ngumu tu, ilhali mazoezi yaliyokuwa yakimwandaa yameondolewa. Mtambo mpya unahitaji opereta mwenye mazoezi zaidi, si asiye na mazoezi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wakongwe hawataki kufundisha. Wengi hawataki kweli, na wana sababu: wameona mwenzao akimfundisha kijana wa mshahara mdogo, kisha akapunguzwa. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kulinda ugali wa watoto wake. Dawa si hotuba kuhusu uzalendo. Mwandikie kwamba kufundisha hakutamtoa kazini, mlipe kwa kila chipukizi anayefaulu kubashiri, na mtaje kwa heshima mbele ya wengine. Ukiishika ahadi hiyo kwa mkongwe mmoja, wengine watakuja wenyewe.

Arusha inalo somo lake karibu. Kiwanda cha matairi cha General Tyre kilisimamisha uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 2000, na tangu hapo kumekuwa na nia ya kukifufua. Mashine hununuliwa ukipata fedha. Mikono iliyojua joto la mpira na sauti ya mashine zile haiagizwi kwa meli, na kila mwaka inazidi kuzeeka.

Anza kesho asubuhi

Usisubiri bajeti. Chukua daftari jipya, chora safu tatu: jina, anachobashiri, kilichotokea. Mpe kila opereta nafasi ya kusema kabla hajagusa swichi, na mwisho wa zamu kaa naye mlisome pamoja. Baada ya mwezi utamjua mtaalamu wako, na huenda siye uliyemdhania. Mfuate, umwite kwa heshima, umpe chipukizi mmoja wa kutembea naye. Fanya hivyo angali ana nguvu za kusimama zamu nzima.